Kilichonifanya nianze kuhangaika na sentensi zangu

Mleta mada, umesema unaandika simulizi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, wasomaji wanadai muendelezo kila jioni, hakuna aliyewahi kulalamika, halafu akatokea mtu akakwambia "jifunze kuandika". Ukauliza: motisha ya kujifunza itoke wapi wakati watu wanasoma hivyo hivyo? Wadau wengi wamekujibu kwa utani. Mimi naomba nijibu kwa urefu, maana swali hilo niliwahi kuwa nalo, na gharama yake aliilipa mtu mwingine.

Kwanza ujue mimi si mtu wa simulizi. Naandika kuhusu kuku. Nafuga Kibaha, nilianza kuandika mwaka 2016, na sababu yangu ya kwanza kuandika ilikuwa sifa tu, sina haja ya kuipamba. Nilikuwa na kuku 80 nyuma ya nyumba, lakini kwenye maandishi nilikuwa profesa. Nilianza kila kitu na "Madhumuni ya makala haya ni kubainisha changamoto zinazowakabili wafugaji wadogo wadogo." Mtu kaweka bando la jero, anataka kujua kwa nini kuku wake wanakohoa, mimi namtembeza aya tatu za utangulizi kama mtihani wa kidato cha nne. Na laiki nilikuwa napata! Watu wanaandika "somo zuri sana mkuu, ubarikiwe". Ilinichukua muda kugundua kwamba wengi wa waliokuwa wananibariki hawakuwa wanafuga.

Kwa hiyo ukiniuliza kama sifa inatosha kumfanya mtu aboreshe uandishi wake, nitakwambia haitoshi, kwa sababu sifa inakuja hata ukiandika vibaya. Andiko langu lililopata laiki nyingi kuliko yote lilikuwa kisa cha jogoo wa baba mkwe aliyetoroka siku ya posa. Niliandika ndani ya dakika kumi nikiwa kwenye daladala. Andiko la joto la kulelea vifaranga, lile la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza kisha unapunguza kidogo kidogo kila wiki, nililifanyia kazi siku nne na likapata laiki 12. Moja ya hizo 12 ni ya mke wangu.

Pesa je? Nayo niliijaribu. Niliandika kijitabu cha PDF cha kurasa 40, nikakiuza shilingi 5,000, mtu analipa kwa simu namtumia. Nikauza nakala 11. Wiki ya pili kikawa kinazunguka bure kwenye makundi, na kuna mtu alikuwa amefuta jina langu akaweka namba yake ya simu. Nikasusa kuandika miezi mitatu. Ukitegemea pesa ndiyo ikusukume uandike vizuri, jiandae kwa siku utakapoona kazi yako inauzwa na mwizi kwa bei ya chini kuliko yako.

Sasa nije kwenye kilichonibadilisha.

Mwaka 2019 nilikuwa sina tena blogu. Zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizotaka mwenye blogu awe na leseni ya kulipia, ada yake ilizidi thamani ya banda langu na kila kilichokuwemo. Nikafunga, nikahamia Facebook na WhatsApp. Kule nikaandika ratiba ya chanjo kwa vifaranga: ugonjwa wa kideri siku ya 7, wa Gumboro siku ya 14, halafu marudio. Ratiba yenyewe ilikuwa sawa, nilikuwa nimeipitia na daktari wa mifugo. Kwenye maelezo ya namna ya kutoa chanjo kwa maji ya kunywa nikaandika sentensi moja hivi:

"Waondolee maji saa mbili kabla ya chanjo."

Isome tena. Mimi nilimaanisha kuku wakae muda wa saa mbili bila maji ili wapate kiu kidogo, chanjo ikiletwa wote wanywe haraka kabla haijapoteza nguvu. Hilo ndilo lengo la kuwanyima maji, hakuna lingine. Lakini sisi Waswahili saa mbili ni muda na saa mbili ni wakati. Saa mbili asubuhi jua limeshatoka, saa mbili usiku taarifa ya habari.

Akanipigia mama mmoja kutoka mkoa wa Dodoma. Alikuwa na vifaranga 200. Alipanga kuchanja asubuhi na mapema kabla ya jua kali, kama nilivyoshauri. Kwa hiyo akatoa vyombo vya maji saa mbili kabla ya chanjo, yaani saa mbili usiku. Vifaranga vya siku 14 vikakesha bila maji, karibu na joto la jiko la mkaa, usiku kucha. Asubuhi alipoingiza maji ya chanjo ikawa vita. Wenye nguvu wakapanda juu ya wenzao, wengine wakaingia mzima mzima kwenye vyombo wakalowa. Alipoteza 31. Na waliobaki nao hakuwa na hakika nao, maana wenye nguvu ndio waliokunywa chanjo yote na wanyonge hawakupata kitu.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alinisomea sentensi yangu taratibu kwenye simu, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, nifahamishe, nilikosea wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakukosea. Alifanya nilichoandika. Nikaanza kujitetea kichwani kwamba mfugaji mzoefu angejua, kwamba akili ya kawaida ingemwambia. Lakini mfugaji mzoefu hahitaji kusoma ratiba yangu! Anayeisoma ni yule asiyejua, na yule asiyejua hana kitu kingine cha kushika isipokuwa maneno niliyompa. (Nilimpelekea vifaranga 31 kwa basi. Hakuviomba. Nauli ilinitoa jasho, lakini hilo ni la pembeni.)

Nikarudi kwenye lile andiko nikabadilisha: "Wakae bila maji kwa muda wa saa 2 tu, wasizidishe. Mfano: kama utachanja saa 1 asubuhi, toa vyombo vya maji saa 11 alfajiri." Nikaongeza kwamba maji ya bomba yenye dawa yanaua chanjo, kwa hiyo watumie maji ya kisima au ya mvua. Nikalala nikijua nimemaliza.

Miezi minne baadaye dada yangu, ambaye yuko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, huko Morogoro, ananitumia ujumbe: "Wewe si unafuga kuku? Hii itakusaidia." Ni ratiba yangu. Ile ya zamani. Haina jina langu, ina alama ya kusambazwa mara nyingi, na ndani yake imo sentensi ile ile, saa mbili kabla ya chanjo. Nilikuwa nimesahihisha kwangu, lakini nakala zilizotoka nje ya mlango zilikuwa zinaendelea na safari zake. Huwezi kuzirudisha. Huwezi hata kujua ziko kwenye simu za watu wangapi.

Hapo ndipo nilipopata motisha ambayo haijaisha mpaka leo, na wala si ya kishujaa. Nilitaka andiko jipya likimbie kuliko la zamani. Hiyo tu. Kama siwezi kuliua lile bovu, basi niandike jingine ambalo mtu akiwa nayo yote mawili atasambaza hili. Na ukishakuwa na lengo hilo unaanza kujiuliza maswali ambayo sifa haikuwahi kukuuliza. Kwa nini mtu asambaze hili na si lile? Kwa sababu ni fupi. Kwa sababu jambo analolitaka limekaa juu, halijafichwa chini ya madhumuni ya makala haya. Kwa sababu analisoma mara moja tu akiwa amesimama bandani na mkono mmoja una pumba.

Nikaandika upya mara sita au saba. Nikatoa "Gumboro ni ugonjwa hatari unaosababishwa na virusi", kwa sababu aliyefungua ratiba ya chanjo hahitaji kushawishiwa. Nikatoa sehemu yote ya umuhimu wa ufugaji katika uchumi wa kaya. Ikabaki kitu kinachoingia kwenye kioo kimoja cha simu.

Halafu nikafanya jambo ambalo nakushauri nawe utafute la kwako linalofanana nalo. Kijana ninayefanya naye kazi bandani aliishia darasa la saba. Nikampa simu, nikamwambia soma halafu fanya. Sikumuuliza "umeelewa?", kwa sababu ukimuuliza mtu hivyo atasema ndiyo, ni adabu zetu. Nilikaa kimya nikaangalia mikono yake. Alipofika kwenye "changanya kijiko kimoja cha unga wa maziwa" katika maji ya chanjo, mkono ukasimama. Akaangalia kijiko cha chai, akaangalia kijiko cha kulia. Akachukua kikubwa. Mimi nilikuwa na kidogo kichwani.

Tangu siku hiyo kila ninachoandika kinapita kwanza kwenye mikono ya yule kijana. Hajui kwamba yeye ndiye mhariri wangu.

Sasa najua utasema: sawa, wewe unaandika chanjo, mimi naandika mapenzi, hakuna kifaranga kitakachokufa. Ni kweli. Ila nilipita kwenye kipande ulichotuwekea hapa kama mfano nikakutana na hii: "Juma alimtazama Asha akiwa analia, akamwambia anajua kwamba hampendi." Nani analia, Juma au Asha? Nani anajua? Nani hapendwi? Kiswahili hakina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, a- ni ya wote, na -m- ni ya wote. Mwandishi wa simulizi za mapenzi anaishi ndani ya shimo hilo kila siku. Wewe unajua nani analia kwa sababu unamwona kichwani. Msomaji wako anakisia, na akikisia vibaya, kipande kizima kinachofuata anasoma hadithi nyingine ambayo wewe hukuiandika. Hatakulalamikia. Atasema "muendelezo tafadhali" kama wenzake, kwa adabu zile zile za "nimeelewa". Kwa hiyo usihesabu ukimya wao kama cheti.

Na usidhani nazungumzia tahajia. Wapo wadau hapa wakiona "rakini" au "hasante" wanaandika insha nzima ya kumtukana mtu. Mimi hilo silipi uzito sana. Msomaji akikuta "rakini" anajua ni lakini na anasonga mbele. Ila "saa mbili" imeandikwa vizuri kabisa, kamusi yoyote itaipitisha. Makosa yaliyoniumiza yote yalikuwa na tahajia safi.

Ukitaka kichekesho kidogo, niliwahi kuandika kwamba kifaranga chotara ni shilingi 2,500. Mkenya mmoja akanijibu, "Bwana, hivyo vifaranga vyenu vinataga dhahabu?" Nilisahau kwamba shilingi ni jina la pesa mbili, na kwamba maandishi yanavuka mpaka wa Namanga bila pasipoti. Siku hizi naandika "shilingi za Tanzania". Mtu wa Kibaha anaona nazidisha, lakini haimpunguzii kitu.

Umeuliza pia, kwenye swali lako la pili, kama kuna kozi. Sijui kozi ya kukushauri. Mimi nilisoma kwa sauti, na nilimpa mtu asiyeniheshimu sana asome mbele yangu. Mke wangu alijaribu kuwa msomaji wangu ikashindikana kwa sababu ananijua, anaelewa hata nisichokiandika. Tafuta mtu asiyekujua, mpe kipande, halafu mwambie akusimulie alichosoma. Usimkatize. Utatamani kumkatiza mara kumi. Akimaliza, linganisha alichokusimulia na kilichokuwa kichwani mwako, nadhani hutahitaji mtu wa kukupa motisha jioni hiyo.

Ile ratiba ya zamani bado ipo. Mara ya mwisho nimekutana nayo mwaka jana, kundi la wafugaji wa Mbeya. Lakini chini yake kuna mtu alikuwa ameweka ile mpya na kuandika, "hii ndiyo iko wazi zaidi, tumieni hii". Hakujua ni za mtu mmoja. Nami sikusema.

Yule mama wa Dodoma tunawasiliana mpaka leo. Ana kuku zaidi ya 600 sasa, na kila nikituma kitu kipya yeye ni wa kwanza kujibu, na hajawahi kuandika "ubarikiwe" hata mara moja. Mwezi uliopita nilituma maelezo ya kutengeneza chakula cha kuku wa mayai, nikiwa nimejiridhisha kabisa. Hazikupita dakika tano: "Mwanangu, debe la pumba la kufuta au la kujaza kichuguu?"

Nimeshabadilisha, nimeweka kilo.