Shangazi anasema nimejitoa kwenye ukoo

*Kifo cha ba'mdogo nilikijua kupitia kundi la WhatsApp la ukoo, nikiwa dukani nahudumia wateja. Hata arobaini haijafika, ikaja orodha ya michango ya harusi ya binamu yetu: jina, ahadi, alicholipa. Biashara imedorora, jina langu limekaa wiki tatu bila tiki. Nikalefti. Sasa shangazi anasema nimejitoa kwenye ukoo. – Mama Wawili, Morogoro*

Pole kwa msiba, Mama Wawili. Anza na shangazi, na umpigie. Ukimwandikia, maelezo yako yatapigwa picha na kuzungushwa kwa watu usiowakusudia. Mweleze kwamba biashara imeyumba na ile orodha ilikuwa inakuumbua, kisha omba urudishwe. Wala usidhani uliondoka kimya: tangu 2022 WhatsApp humjulisha admini tu mtu anapotoka, lakini wanakundi wanaweza kuona majina ya waliotoka kwa siku 60.

Ukirudi, nyamazisha kundi. Utapewa saa 8, wiki 1 au daima; chagua daima, halafu ulifungue mara moja kwa siku, tuseme baada ya chakula cha usiku. Kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima picha na video zisijipakue zenyewe. Maua ya "Jumapili njema" ndiyo yanayomaliza bando.

Ugonjwa wenyewe ni hiyo orodha. Mtu anainakili, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Wawili wakifanya hivyo dakika ileile, kila mmoja anabandika nakala isiyo na jina la mwenzake. Inayoendelea ni ile ya mwisho, na wa kwanza anaonekana hakuahidi kitu ilhali pesa ameshatuma. Hapo maneno huanza. Tena safu ya kiasi humfanya wa namba 9 aandike elfu hamsini kwa kuwa wa namba 8 ameandika elfu hamsini, hata kama hana. Mshauri admini afungue kundi la pembeni la mchango, livunjwe sherehe ikiisha, na alipange waandike maadmini peke yao. Mweka hazina na msaidizi wake wapokee ahadi kwa ujumbe wa faragha, washukuru kwa majina bila kiasi, watangaze jumla kila Jumamosi. Watakaonung'unika ni wale waliozoea kuonekana juu ya orodha.

Taarifa ya msiba ianze kwa simu za kupigwa: mjane na watoto, ndugu wa tumbo moja, wazee wa ukoo. Aliyepata habari agawe majina, watano kwa kila mpigaji, na kila mpigaji arudishe jibu kuwa amewapata. Hata kwa familia inayozika siku hiyohiyo, wapigaji wanne si wengi. Kundini iingie baadaye, ikiwa na jina kamili, msiba ulipo, saa na mahali pa maziko, na namba ya msemaji. Aliyeharakisha anaweza kuufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, na admini anaweza kumfutia, ila simu ya aliye dukani itakuwa imeshalia.

*Mume wangu anaperuzi kitandani hadi saa 7 usiku. Nikimwomba alale, ananiambia "dakika moja". – H., Mombasa*

Dakika hiyo haiishi kwa sababu anachokitazama hakina mwisho. Gazeti lina ukurasa wa nyuma. Kwenye video fupi kidole kikipanda kidogo tu, nyingine imeanza. Nunueni saa ya kengele, maana udhuru wake wa kwanza utakuwa alamu. Kisha chaja zote mbili, yako pia, zihamie sebuleni, na simu zilale huko kuanzia saa 4. Kama kazi yake inataka apatikane usiku, aweke hali ya kutosumbuliwa na aruhusu namba mbili tatu zilie. Kikomo cha muda cha programu akiweke mwenyewe. Ukimwekea wewe, kesho atakiondoa. Na usipekue simu yake akiwa bafuni. Ukikuta neno usilolielewa, habari ya usingizi itageuka kesi ya ndoa.

*Mama mkwe anaweka kwenye stetasi picha za mwanangu akiwa na sare ya shule. Nimkatazeje? – Mkamwana, Arusha*

Usimkataze wewe, aseme mumeo, ni mama yake. Stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini aliyeipiga picha kwenye skrini anabaki nayo, na beji ya sare inamwonyesha mtoto anaposoma. Mtumieni bibi picha nyingine za kujivunia: nguo za nyumbani, bila beji wala geti. Halafu mkae naye, afungue faragha ya stetasi na achague wanaoruhusiwa kuona: wanawe, dada zake, mashoga wa kikundi. Mwelekezeni pole pole, na kidole kiwe chake.