Mwanangu, watakuuliza "Wapi?"

Busia

Mwanangu,

Juzi usiku uliniuliza kwa simu, na mtandao ukakatika kabla sijajibu: "Mama, huko Makerere watanifundisha nini ambacho sikukisoma kidato cha sita, S6? Fasihi ya Kiingereza si ni riwaya na tamthilia zilezile?" Swali hilo nimekaa nalo siku mbili hapa ofisini, katikati ya madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zigongwe muhuri. Nimeona afadhali nikuandikie.

S6 ulifanya karatasi tatu: nathari na ushairi, tamthilia, riwaya. Vitabu vyake vyahesabika kwa vidole, mkavitafuna miaka miwili, na pamfleti ya maswali na majibu imo mkobani. Chuoni kitabu kimoja utapewa wiki moja, ukibahatika mbili, na kila kozi ina vitabu vyake. Hilo kila mtu atakuambia, silirefushi. Wewe wahi maktaba tu, maana nakala hazitoshi, na fotokopi za Wandegeya, mtaa wa jirani na chuo, zitakumalizia pesa ya chakula.

Kitakachokushtua ni kingine. Insha yangu ya kwanza, mwaka 1994, niliiandika kwa majivuno. Nikasema mhusika mkuu ni mwanamke jasiri anayepinga mila, kama tulivyokariri shuleni. Ilirudi imejaa wino mwekundu, na pembeni neno lile lile limerudiwa mara sita: "Wapi?" Nikaudhika. Nikasema moyoni, huyu mwalimu kitabu hajakisoma nini? Ilinichukua karibu muhula mzima kuelewa. Alitaka nimwoneshe sentensi. Ujasiri huo uko katika neno gani? Nani anatusimulia habari za mwanamke huyu, na ana sababu gani ya kumsifu? Niliporudi kitabuni nikakuta msimulizi ni mumewe, tena mume mwenye mengi ya kuficha. Pamfleti haikuwahi kunigusia hilo. Ndiyo maana nakwambia: maoni yako watayataka, lakini kila ukisema jambo utaambiwa ulioneshe ndani ya maandishi, na usipoweza, alama huna.

Kwenye ushairi ndiko nilikoaibika hasa. Mashairi ya babu yako nimeyasikia tangu utotoni, najua mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Tukaletewa soneti ya Shakespeare, mistari kumi na minne. Mimi nikahesabu silabi kwa vidole, kumi kila mstari, nikanyoosha mkono kwa furaha. Mhadhiri akauliza: mkazo uko wapi? Kimya. Sisi kwa Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, haukuhangaishi, kwa hiyo tunahesabu silabi basi. Mkazo wa Kiingereza unatangatanga, na mshairi wao anaupanga: dhaifu kisha nzito, mara tano. Pale anapouvunja mpangilio huo kwa makusudi, mara nyingi ndipo penye jambo. Basi usome kwa sauti, hata wenzako wa chumbani wakikucheka. Kwa macho peke yake hutausikia.

Tena usidhani utasoma Waingereza watupu. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika kudai idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na hizo nyingine ziizunguke. Mjadala huo uligeuza ufundishaji Afrika Mashariki yote, na hata Makerere utaingia Idara ya Fasihi. Utamsoma Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, ambaye Lawino wake, mwanamke wa shairi lake refu, alimtunga kwanza kwa Kiacholi, akamtafsiri mwenyewe, na mwenyewe akakiri kwamba vina na mapigo vilipotea njiani. Ukipata mwenzako Mwacholi, mwombe akusomee kurasa chache za asili. Mimi nilifanyiwa hivyo gizani Mary Stuart, bweni letu la wasichana, umeme umekatika. Neno sikuelewa hata moja, lakini niliusikia wimbo.

Na hili nataka uingie nalo. Juni 1962 walikusanyika hapohapo Makerere waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi. Shaaban Robert, aliyekwisha kutunga vitabu kadhaa kwa Kiswahili, hakuwa na mlango wa kuingilia, kwa kuwa sharti lilikuwa Kiingereza. Mwezi huohuo akafariki Tanganyika. Mimi nilijua hayo nikiwa mwaka wa tatu, na hadi leo yananichoma. Ukikaa darasani ukasikia "fasihi kuu", uliza ni nani aliyebaki nje ya mlango. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kuhusu kazi, maana najua baba yako amekwisha kukutisha: digrii hiyo peke yake haikupi ualimu, utahitaji diploma ya ualimu juu yake. Mimi sikwenda huko, nimeishia kuwa wakala wa forodha. Lakini mwezi uliopita niliokoa mzigo wa mtu kwa sababu nilisoma "au" pale wenzangu wote waliposoma "na". Yule mwalimu wa wino mwekundu angecheka.

Kamusi yangu nimeiweka chini kabisa ya sanduku, imefungwa kwa leso ya bibi yako. Jalada limeng'oka na herufi ya Q haina ukurasa wake wa kwanza, ila mengine yote yamo. Ukifika Kampala nipigie kabla hujapanda bodaboda, na bei mpatane kwanza.

Mama yako