Ndiyo, mantiki itakufaa

Wa alaikum salaam, mdogo wangu. Umeuliza kama kijana wa Lamu ana haja ya kusoma mantiki, yaani elimu ya kupima hoja, maana ami yako asema ni maneno ya Wayunani tu. Mweleze kwa adabu kwamba Imamu Ghazali alikifungua kitabu chake kikubwa cha usuli wa fikihi, yaani misingi ya kutoa sheria za Kiislamu, kwa utangulizi wa mantiki. Mwanachuoni Ibn Taymiyya aliipinga, ni kweli, lakini naye alipinga kwa hoja.

Msingi wake ni kuangalia umbo la hoja, si mada yake. Chukua hii ya barazani: "Kusi likivuma kwa nguvu, mashua za Shela hazitoki. Leo hazikutoka, basi kusi limevuma." Yavutia, ila haifuati, huenda leo kuna harusi, au mafuta yameadimika. Sasa igeuze: "Leo zimetoka, basi kusi halikuvuma kwa nguvu." Aliyekubali sharti la kwanza hana pa kutokea. Weka herufi badala ya kusi na mashua, hukumu haibadiliki. Ama sharti lenyewe ni kweli au si kweli, hilo waulize manahodha.

Faida? Mwaka 1854 mwanahisabati George Boole aliiandika mantiki kwa aljebra. Mwaka 1937 mhandisi Claude Shannon akaonyesha swichi za umeme zaweza kuitenda. Kompyuta za kidijitali zimesimama hapo.

Usianze na alama nyingi. Sikiliza hoja moja ya mwanasiasa, iandike kwa herufi, kisha tafuta mfano wa kuivunja, wenye umbo lile lile, masharti yake kweli na hitimisho lake uongo. Ukiukosa, mpe mwenzako naye ajaribu.