Kihamba kimebaki na bibi

SWALI: Mimi ni mkwe wa Kibosho, kwetu Tabora. Desemba kijiji kinajaa magari hadi njia hazipitiki. Ikifika katikati ya Januari nabaki na mama mkwe na ng'ombe wake wawili. Wachaga wameacha kuzaa, au wanakufa sana?

JIBU: Pole kwa upweke, dada. Mkoa wa Kilimanjaro bado unaongezeka, ila polepole. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087, ya 2022 ikahesabu 1,861,934: nyongeza ya asilimia 13 hivi. Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 37.

Kuzaa kumepungua, ndiyo. Kwetu Marangu tulizaliwa saba. Mdogo wangu aliyebaki nyumbani ana wawili, na ameshafunga hesabu. Lakini kubwa ni ardhi. Kwa mila, kati ya watoto wa kiume, kifungua mimba hukatiwa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Sisi wa katikati tukapanda basi. Wanangu wamezaliwa Dar es Salaam, wakahesabiwa huko.

Sasa angalia: wanaozaa wakiondoka, wazee wakabaki, vifo kwa kila watu elfu hupanda hata kama mama mkwe wako atafika miaka tisini. Si ugonjwa, ni umri wa waliobaki. Na sisi tuliohama hurudishwa kwa jeneza, tuzikwe migombani. Makaburi yanaongezeka kuliko vitanda vya watoto, ndiyo maana unaona kama watu wanakwisha.