Viumbe wako wa miezi miwili: kwanza yatazame maji

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unatunga hadithi ya sayari yenye bahari kubwa na miezi miwili, viumbe wake wana jinsia tatu, sharti zote tatu zikutane ndipo apatikane mtoto, na sasa umekwama hujui wanazaanaje. Mimi nami niliwahi kukwama papo hapo. Nilikuwa nimejaza daftari zima: viungo vyao, rangi, majina ya kila jinsia, mpaka harusi.

Aliyenikwamua ni ami yangu, mvuvi wa pweza huko Likoni, Mombasa. Asubuhi moja maji yamekupwa tuko mwambani, yeye na mkonjo wake, mimi nimebeba kapu, namhadithia viumbe wangu toka mwanzo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Na mmoja wao asipoonekana?" Sikuwa na jibu. "Wawili tu kuonana baharini ni kazi, mwanangu. Wewe wataka watatu."

Mbele kidogo akainama kwenye tundu, akanivuta mkono nitazame. Ndani, kwenye dari ya jiwe, yalining'inia mayai meupe katika vishada, kila yai kama punje ya mchele, na mama mtu kajikunja chini yake, kapauka, minyiri yake ikiyapapasa mayai bila kutulia. Ami hakumgusa. Akasema huyo hali tena mpaka watoto watoke, na wakitoka ndiyo mwisho wake. Nilipokwenda kusoma baadaye nikakuta ni kweli tupu, na zaidi ya hapo: dume hupitisha mbegu kwa mnyiri mmoja uliotengewa kazi hiyo, na huweza kuunyoosha akiwa mbali, kwa sababu jike aweza kumla.

Tangu siku hiyo sianzi kiumbe kwa viungo. Nauliza kwanza: ni kitu gani kinawaua watoto wao? Pweza wachanga huliwa wengi mno, kwa hiyo mama hutaga maelfu kwa maelfu. Mkoko una taabu nyingine, tope lisilo na hewa na maji ya chumvi yanayokuja na kuondoka, kwa hiyo hauiachi mbegu. Huiotesha ingali mtini. Nenda Mikindani ukaone fimbo za kijani zilivyoning'inia, nyingine zapita nusu mita, kila moja ni mche tayari. Ikidondoka maji yamekupwa yaweza kujichoma topeni. Yakiwa yamejaa, huelea ikaenda zake.

Sasa tuje kwako. Una miezi miwili na hujaitumia kabisa! Hapa kwetu bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja. Katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Tuseme mwezi wako mmoja unaizunguka sayari kwa siku 10 na mwingine kwa siku 35. Piga hesabu: ule wa mbio utaupita wa pole kila siku 14, na katikati ya siku hizo itakuwa pande mbili zinazokabiliana. Ikikabiliana hivyo bamvua lipo vilevile, maana maji huvimba upande unaouelekea mwezi na upande wa nyuma pia. Jua tukiliacha kando, umepata bamvua kila siku 7. Saa ya uzazi umekwisha kuipata, na hujachora kiungo hata kimoja.

Yuko samaki pwani ya California, grunion, anayepanda ufukweni usiku wakati wa bamvua na kutaga mchangani. Mayai hubaki humo, mbali na samaki wanaokula mayai, mpaka bamvua linalofuata liyafikie ndipo yaanguliwe. Wape viumbe wako mtindo huo.

Mayai yakishakaa mchangani, joto linaingia kazini. Kasa wanaotaga Nyali na Bamburi, jinsia ya watoto wao huamuliwa na joto la shimo: kwenye nyuzi 29 hivi wanakaribia kugawana sawa, likizidi hutoka majike, likipungua madume. Basi wako nao wazaliwe jike au dume kwa njia hiyo, wawili tu, swali la ami liwe limejibiwa.

Jinsia yako ya tatu usiitupe. Ifanye kipindi cha umri. Mwili kugeuka katikati ya maisha si jambo geni. Pono, huyu huyu wa usingizi wa pono, wengi wao huanza majike na baadaye hugeuka madume wenye rangi kali. Kwako, jike na dume wote wakizeeka uzazi unyauke, wawe walezi. Wao ndio wanaobaki mchangani zile siku 7, wanafukuza kaa, wanafukia mayai zaidi au kuyafukua kidogo. Ndege wa Australia aitwaye malleefowl hufanya karibu hayo: dume huongeza na kupunguza mchanga juu ya kichuguu cha mayai ili joto likae karibu nyuzi 33. Mlezi akikosekana, mayai kadhaa yatapona hata hivyo, kizazi hakikatiki.

Na hapo ndipo hadithi yako ilipo, kwa maoni yangu. Anayeshika mchanga ndiye anayeamua msimu huu watoke majike wangapi na madume wangapi. Vijana watakubali? Ufukwe wa jirani wakiamua vingine, wataoana na nani? Mimi ningeiandika hiyo kabla ya vita vya vyombo vya angani ulivyovitaja.

Jambo moja hukulisema, nami nalihitaji kabla sijaendelea kukusaidia hesabu ya joto la mchanga: mchana wa huko una saa ngapi?