JIBU: Usimkaririshe mtoto jedwali la KM-HM-DAM kabla hajashika kamba

Mkuu, bandua hilo jedwali ukutani leo leo. Umesema kijana wako yuko darasa la nne, upimaji wa taifa unakaribia, na mwalimu wa tuisheni amekushauri umkaririshe KM, HM, DAM, M, DM, SM, MM (kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita) kwa wimbo, kisha umfundishe "kuruka nukta", yaani kusogeza nukta ya desimali kisanduku kwa kisanduku kwenye jedwali. Usithubutu. Ushauri huohuo niliulipia kwa binti yangu, na kilichoniuma si hela.

Wimbo aliushika upesi. Daftari likajaa vema, kwa sababu maswali yote yalikuwa ya sura moja: 2.5 m ni sm ngapi? Anahesabu visanduku, nukta inaruka, vema. Likaja swali la maneno: kamba ya mita 3 na sentimita 5 ina sentimita ngapi? Akaandika 35. Nikamwuliza mlango wetu una urefu gani, akajibu kilomita 2. Hakuwa anatania. Kwake kilomita, mita na sentimita zilikuwa herufi za kupanga kwenye visanduku, hakuna kitu alichokiona akizitaja.

Nilipomrudia mwalimu, akaniambia mtoto hajakariri vya kutosha, niongeze vipindi. Vipindi ambavyo nalipa mimi! Mtu mzima anafundisha vipimo muhula mzima bila kuingia na rula hata mara moja, halafu lawama anamtwika mtoto wa miaka kumi. Binti akafika mahali anaficha daftari la hisabati. Kumrudisha kulichukua muda mrefu kuliko ambavyo kungechukua kumfundisha vizuri tangu mwanzo, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Ubovu wa wimbo ni huu: unamwambia mtoto nukta iruke mara ngapi, haumwambii iende upande gani wala kwa nini. Akisahau upande anabahatisha, na akikosea hana kitu cha kumshtua. Ndiyo maana nasisitiza: akisie, apime, ndipo abadilishe. Kwa mpangilio huo, bila kuruka hatua hata moja.

Anza na mwili wake. Apime meza kwa shibiri zake, wewe upime kwa zako, muone majibu yanavyogongana. Wazee walikuwa na hesabu yao, shibiri mbili mkono, mikono miwili wari, wari mbili pima, lakini mkono wa nani? Hapo mtoto mwenyewe ataelewa kwa nini tunahitaji rula. Kisha apime upana wa kidole chake kidogo, ataona unakaribia sm 1. Apime kutoka sakafuni hadi kitasa cha mlango, vitasa vingi huwa karibu na mita 1. Kilomita mpeleke akaitembee: kwenye uwanja wa riadha wenye njia ya mita 400, ni mizunguko miwili na nusu. Atachoka, na hatakaa aseme tena mlango una kilomita 2.

Angalia pia anavyoweka rula. Wengi huanzia kwenye 1, au kwenye ncha ya plastiki wakati sifuri imeanza ndani kidogo. Na kile kidude cha mbele cha futi kamba kinachocheza hakijaharibika, usikigongelee. Kinacheza kadiri ya unene wake, ili kipimo kiwe sawa ukikining'iniza ukingoni au ukikisukuma ukutani.

Baada ya hapo ndipo kubadilisha. Mpe kamba ya mita 1, ailaze kando ya mkanda wa karatasi wenye sentimita 100, umwulize: ukijaza urefu huu kwa vipande vidogo, vitakuwa vingi au vichache? Vingi. Basi kutoka mita kwenda sentimita namba lazima ikue. Nukta haina haja ya kutajwa kabisa. Mita 3 na sm 5: mita 3 peke yake ni 300, ongeza 5, ni 305. Akiandika 35 mwambie aonyeshe kwa mikono, ataona ni rula moja na kipande kidogo tu, naye alipokisia alisema kamba inapita urefu wa mlango.

Kwenye kutoa ndipo wanapoumia zaidi. M 4 sm 20 toa m 1 sm 65: mtoto wa wimbo anaazima 10, kama alivyozoea kwenye namba za kawaida. Aliyeipima mita kwa mkono wake anajua ameazima sentimita 100, zinakuwa 120, anatoa 65, anabaki na m 2 sm 55.

Hektomita na dekamita mfundishe mwishoni kabisa, kwa ajili ya mtihani. Sijawahi kusikia fundi akiagiza nondo kwa dekamita.