Kambi ya kijeshi ya kigeni, au kambi ya jeshi la kigeni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Morogoro. Novemba 2025 wananchi wa Ecuador walipiga kura ya maoni wakakataa majeshi ya nje kuwekwa nchini mwao kwa ajili ya kupambana na dawa za kulevya. Habari hiyo nimekutana nayo kwa Kiswahili cha namna tatu. Gazeti liliandika "kambi za kijeshi za kigeni". Redio ilisema "vituo vya majeshi ya nje". Binamu yangu wa Mombasa akaniandikia kwamba watu wamekataa "ngome za wageni za kuwinda walanguzi wa mihadarati". Ipi sahihi? Na mlanguzi, si yule anayeuza tiketi kwa bei ya kuruka?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Nimelipenda swali lako kwa sababu tofauti uliyoiona ina uzito. Katika habari hii kuna neno moja dogo, "-geni", na mahali unapoliweka panaamua kama umeeleza kweli au umeipinda.

Tuanze na gazeti. "Kambi za kijeshi za kigeni": hapo "za kigeni" inarudi kwenye kambi, upatanisho wa ngeli unatuambia hivyo. Kambi yenyewe ndiyo ya kigeni: imejengwa na wageni, inamilikiwa na wageni. Sasa sema "kambi za majeshi ya kigeni". "Ya" imeiacha kambi na kushika majeshi. Majeshi ni ya kigeni; kambi inaweza kuwa ya mgeni au ya mwenyeji, sentensi haijasema. Lugha zisizo na ngeli kama zetu hulazimika kuongeza maelezo ili zifike hapo. Sisi tunafika kwa herufi mbili, na inaniuma kuona waandishi wanaitupa nafasi hiyo.

Kwa nini inajali katika habari ya Ecuador? Mwaka 1999 Marekani ilifunga uwanja wake wa ndege za kijeshi wa Howard, Panama. Ndege zake za doria, zile za kutafuta boti na ndege ndogo zinazobeba kokeini, zikahitaji pengine pa kutua. Zikagawanywa: nyingine Aruba na Curaçao, nyingine Comalapa nchini El Salvador, na nyingine Manta, mji wa pwani wa Ecuador. Mkataba wa Manta ulikuwa wa miaka kumi. Lakini uwanja wa Manta, unaoitwa Eloy Alfaro, ulikuwa wa jeshi la anga la Ecuador na uliendelea kuwa wake. Wamarekani walikuwa na sehemu yao ndani yake. Wao wenyewe walikwepa kuuita kambi, wakautaja kama mahali pa mbele pa kuendeshea shughuli.

Kwa hiyo ukiandika kwamba Manta palikuwa na "kambi ya kijeshi ya kigeni", Mmarekani atakukatalia, na kwa karatasi atakuwa na hoja. Ukiandika "kambi yenye jeshi la kigeni", hakuna wa kukupinga.

Wananchi wa Ecuador waliijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi watafsiri. Katiba yao ya mwaka 2008 iliandikwa na bunge lililokaa Montecristi, mji ulio jirani kabisa na Manta, na Ibara ya 5 ilipangwa kwa uangalifu wa mtu anayeziba kila tundu la uzio. Inakataza kambi za kijeshi za kigeni. Inakataza pia majengo na mitambo ya kigeni yenye makusudi ya kijeshi, hata kama hayaitwi kambi. Halafu inakataza jambo la tatu: kukabidhi kambi za taifa kwa majeshi ya ulinzi au ya usalama ya nchi nyingine. Hilo la tatu ndilo Manta yenyewe. Rais wa wakati huo, Rafael Correa, alikuwa amesema angeongeza mkataba iwapo Marekani nayo ingemruhusu kuweka kambi Miami. Mkataba haukuongezwa, na mwaka 2009 Wamarekani wakaondoka.

Rais Daniel Noboa, aliyeingia madarakani mwaka 2023, ndiye aliyetaka kizuizi hicho kiondolewe. Sababu zake si za kubuni. Ecuador imebanwa kati ya Colombia na Peru, nchi mbili zinazolima koka kwa wingi, na makontena ya ndizi yanayotoka Guayaquil yamekuwa njia ya kupitishia kokeini kwenda Ulaya. Januari 2024 alitangaza kwamba nchi iko katika mapigano ya silaha ya ndani na magenge. Hata hivyo, tarehe 16 Novemba 2025, takriban wapiga kura 60 kati ya kila 100 walisema hapana.

Basi ushauri wangu kwa mwandishi wa habari hiyo ni huu: andika "kambi za majeshi ya kigeni". Inabeba aina zote, ya mgeni aliyejenga na ya mgeni aliyekaribishwa ndani ya ua wa mwenyeji. Kama unatafsiri Ibara ya 5 neno kwa neno, hapo "kambi za kijeshi za kigeni" ni sawa kwa kifungu cha kwanza, mradi hivyo vingine viwili usivimeze.

Redio nayo haikukosea. "Kituo" kimezaliwa na kitenzi "kutua". Basi linatua abiria kituoni, mpagazi anatua mzigo, na katika shairi kuna mshororo wa kituo ambapo ubeti unapumzika. Ndege ya doria inayotua Manta, ikajaza mafuta, ikabadilisha rubani na kuruka tena kuelekea baharini, imefika kituoni kwa maana kamili ya neno. Kambi inatupa picha nyingine: watu wamelala hapo, wana mahema au mabweni, wana jiko. Tunasema "kupiga kambi" kwa timu ya mpira inayojiandaa na kwa jamaa aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwezi. Kwa kueleza kazi iliyofanyika Manta ningechagua kituo. Kwa kueleza hofu ya wapiga kura, kwamba askari wa nje watakuja na kukaa, ningechagua kambi.

"Ngome" ya binamu yako niiache haraka. Ngome ina kuta na mizinga, kama Ngome Kongwe ya Forodhani. Nchini Tanzania jina hilo pia limezoeleka kwa makao ya juu ya jeshi, na wanasiasa wote wa Afrika Mashariki wana "ngome" zao za kura. Manta haikuwa kitu kama hicho.

Ila kuna neno la binamu ambalo limenigusa: "wageni". Katika Kiswahili mgeni ni asiyejulikana na pia ni aliyekaribishwa. Neno ni hilo hilo, na methali yetu ya kumpa jembe siku ya tatu inaishi kwenye ufa huo. "Jeshi la kigeni" ni la nchi nyingine, basi. "Jeshi la wageni" linaweza kusikika kama jeshi lililoalikwa mezani. Kwa habari yenye ubishi namna hii, "la kigeni" au "la nchi za nje" ni salama zaidi, kwa kuwa msomaji aachiwe mwenyewe kuamua kama mgeni huyo alikaribishwa.

Sasa mlanguzi. Wewe na binamu yako mko sawa, kila mmoja kwao. Kulangua ni kununua ili kuuza kwa faida kubwa, na mtu mzima wa Tanzania akisikia "walanguzi" anarudi mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine na msako wa wahujumu uchumi, sukari na sabuni zikifichwa uvunguni. Leo ni yule wa tiketi kituo cha mabasi mwezi Desemba. Kenya neno hilo limepanda cheo: mlanguzi ni mfanyabiashara wa magendo mazito, na "ulanguzi wa mihadarati" husikika kwenye taarifa ya habari kila mara. Mihadarati ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya vitu vinavyofisha hisia. Upande wa Tanzania sheria ya mwaka 2015 inasema "dawa za kulevya", na mamlaka yenye kazi hiyo imebeba jina hilo hilo. Mimi binafsi naipenda mihadarati, maana haimpi sumu heshima ya kuitwa dawa. Lakini ukiandikia wasomaji wa Dodoma, "wasafirishaji wa dawa za kulevya" wataeleweka mara moja, ilhali "walanguzi" watakumbusha foleni ya duka la kaya.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza, kwa kuwa liko mlangoni petu. Bahari yetu nayo ina ushirikiano wa aina hii. Vikosi vya majini vya nchi nyingi, vyenye makao makuu Bahrain, hufanya doria magharibi mwa Bahari ya Hindi kutafuta heroini inayotoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, kuja huku kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha chombo kiasi cha kilomita 50 kutoka pwani ya Kenya na kukuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa kati ya mifuko ya saruji.

Habari kama hizo zikitafsiriwa, makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuita chombo hicho "dau". Niliwahi kuitamka hivyo mbele ya fundi wa vyombo pale Lamu. Akaweka tezo chini, akaniuliza: "Dau? Mwalimu, dau utalisukuma na wanao wawili. Hilo lililovuka bahari kuu na mzigo wa saruji ni jahazi." Tangu siku hiyo sijalikosea. Neno la Kiingereza "dhow" linafanana na "dau" letu kwa sauti, na mtafsiri anadhani amefika.

La pili ni "washukiwa walikamatwa". Hiyo ni bahari kuu, nje ya maji ya nchi yoyote, na manowari ya doria ina njia finyu ya kuwafikisha watu mahakamani. Kwa kawaida mzigo huharibiwa na mabaharia huachwa waendelee na safari yao. Andika "shehena ilinaswa" au "heroini ilikamatwa". Watu wakitiwa mbaroni kweli, utajua, kwa sababu kutakuwa na bandari, polisi na hakimu katika habari hiyo.

Kwa hiyo ukimjibu binamu, mwandikie: "Wapiga kura wa Ecuador wamekataa kambi za majeshi ya kigeni zilizokusudiwa kupambana na wasafirishaji wa mihadarati." Nimemwachia mihadarati yake. Ngome na walanguzi wabaki Mombasa.